Waliponiita Kwenye Bodi

Walinikuta napepeta ndengu. Walikuwa wawili: msichana wa ofisini, na mwanamume wa makamo ambaye ndiye mwenyekiti wa bodi ya lile shirika linalotusaidia kujenga mabwawa ya mchanga. Niliwaambia waketi, nimalize kwanza, kwa sababu upepo ulikuwa mzuri, na upepo haungoji mtu ati kwa vile amepata wageni. Yule mwanamume aliketi kwenye kigoda, akapata makapi kichwani na hakusema kitu. Hapo nikaanza kumheshimu kidogo.

Nilipomaliza nikawapa maji, wakanipa barua. Ilikuwa ya Kiingereza. Mimi nilifika darasa la tatu, kisha baba akasema mbuzi nao wanahitaji mwalimu, nikapelekwa kuwafundisha. Kiswahili nasoma polepole na kidole. Kiingereza nakijua kikiwa kimeandikwa kwenye mfuko wa simiti, basi.

"Nisomee kwa lugha ya watu," nikamwambia msichana.

Akasoma. Walikuwa wanataka niwe mmoja wa wale watu saba wanaokaa juu ya shirika, wanaoamua bwawa lijengwe wapi, kikundi gani kisaidiwe, meneja aajiriwe nani. Si kazi ya mshahara. Ni mikutano minne kwa mwaka, kule Emali.

"Kwa nini mimi?"

Mwenyekiti ndiye alijibu. "Mama, kwa bodi tuko na wakili, tuko na daktari wa mifugo, tuko na mtu wa benki. Hatuna mtu anayekaa mtoni."

Hilo lilinipendeza, siwezi kudanganya. Lakini nimeishi na watu miaka mingi na najua zawadi huja na kamba yake. Nikamuuliza kamba iko wapi. Akacheka, akaonyesha ukurasa wa pili. Mtu wa bodi hawezi kuwa kiongozi wa kikundi kinachosaidiwa na shirika. Na siku jambo la kikundi chake cha zamani likija mezani, atatoka nje, wengine waamue bila yeye.

Hapo nikainuka. Niliwasindikiza hadi kwenye ua, nikawaambia nitawajibu.

Kwa yule ambaye hajaona mito yetu ya huku Makueni, ni mchanga mtupu karibu mwaka mzima. Mvua ikinyesha maji hupita yakikimbia siku mbili tatu, yanaenda zake baharini kama mtu aliyetukanwa. Kwa hivyo sisi hujenga ukuta wa mawe na simiti kukatisha mto. Mchanga unajaa nyuma ya ukuta, na maji yanabaki yamejificha ndani ya mchanga. Kiangazi kikikaza unachimba kidogo kwa mkono, unapata. Shirika huleta simiti na fundi. Sisi tunaleta mawe, mchanga, maji na migongo yetu.

Kazi hiyo tunaifanya kwa mwethya, vile mama zetu walivyolimiana mashamba: leo kwako, kesho kwangu, na asiyekuja anajulikana. Kikundi chetu nilikianza na mwenzangu mmoja tulipokuwa bado tunabeba watoto mgongoni. Kitinda mimba wangu alijifunza kutembea kwenye mchanga wa ukuta wetu wa pili, na sasa ana watoto wake. Muda huo wote mwenyekiti nilikuwa mimi.

Uenyekiti kwetu si wa kukaa. Wanawake hupanga mstari kutoka kwenye lundo la mawe juu ya ukingo hadi chini kwenye ukuta, na jiwe linapita mkono kwa mkono. Mwenyekiti husimama chini kabisa, wa mwisho, kabla ya fundi. Kila jiwe lazima limfikie. Analigonga kwa nyundo ndogo. Likilia vizuri linaingia ukutani. Likitoa sauti ya kibuyu ni bovu, anatupa, na aliyeliokota anasikia maneno. Mimi nimetupa mawe ya mashemeji, ya mke wa mchungaji, na ya dada yangu wa tumbo moja. Ndiyo maana kuta zetu zinasimama.

Na wakati huo tulikuwa tumeomba ukuta mwingine, pale mto unapopinda kabla ya kuelekea Kasikeu. Wanawake wa upande huo huteka maji mbali hata jua linawapata njiani kwenda na kurudi. Nilikuwa nimewaahidi ombi hilo nitalipigania mwenyewe. Sasa naambiwa niingie mahali ombi linaamuliwa, halafu mlango ufungwe, mimi nikiwa nje.

Nilimpigia simu binti yangu, ambaye ni mwalimu kule Kitui.

"Mwaitu, kubali," akasema kabla sijamaliza. Mwaitu ndivyo sisi Wakamba tunavyomwita mama.

"Nikubali niende kusema nini?"

"Useme kile unasema kila siku."

"Kila siku nasema watu waache uvivu."

"Basi hilo ndilo bodi inahitaji."

Mwanangu, ambaye ni dereva wa lori, hajaoa, na hulala zaidi Mtito Andei kuliko nyumbani, yeye alicheka hadi simu ikakwaruza. "Mwaitu, hao wanataka uso wako kwa kalenda. Utapewa leso mpya, ushike jembe safi halijawahi ona udongo, upigwe picha. Mwezi wa sita ni wewe."

"Uso wangu hauwezi kuuza kalenda."

"Ndiyo wanapenda! Ule umekunjana!"

Nikamkatia simu. Mtoto ukimlea vizuri sana anapata mdomo.

Lakini aliyenichoma si yeye. Ni yule mwenzangu niliyeanza naye kikundi. Tulikuwa tunachambua mbaazi kwake, nikamweleza, akaendelea kuchambua kama hajasikia. Halafu akasema, "Kiti cha ofisi kina magurudumu. Ukikaa, kinakupeleka kinakotaka."

"Wivu huo."

"Ni wivu, ndiyo. Sasa niambie, ukienda, nani atasimama chini?"

Nilichukua konzi nyingine ya mbaazi. Kwa miaka yote sikuwa nimefundisha mtu kusimama pale. Nilikuwa nimefundisha watu kuniogopa, nikafikiri ni kitu kimoja.

Nikatuma neno ofisini: kabla ya kujibu nitakuja kuuangalia mkutano mmoja. Mbuzi hununui kwa kuambiwa, unamfungua mdomo uone meno. Mwenyekiti wao akasema karibu.

Chumba kilikuwa ghorofani, Emali, na honi za malori ya barabara ya Mombasa zilikuwa zinaingia dirishani bila kubisha. Kila mtu aliwekewa chupa ndogo ya maji. Wakaniweka karibu na mlango. Wakasalimia vizuri, wakaomba, kisha wakaingia kwenye Kiingereza wote kwa pamoja kama ng'ombe wanaoingia bwawani.

Nilivumilia. Nilikuwa mgeni. Nikaangalia nyuso, kwa sababu uso hauna lugha. Baadaye injinia wa shirika akawasha picha ukutani, nikaona ukuta wa bwawa. Ulikuwa umejengwa vizuri, mawe yamekaa. Lakini nyuma yake hakukuwa na mchanga. Kulikuwa na tope limekauka na kupasuka, na majani yameota. Yule wakili, mama mmoja msomi mwenye miwani, akaanza kusema kwa ukali huku akionyesha picha kwa kalamu, na wengine wakawa wanaitikia kwa kichwa.

Nikainua mkono. "Samahani. Huyo mama amesema nini?"

Wakatazamana. Mwenyekiti akaona aibu, akageuza mkutano wote ukawa wa Kiswahili.

Wakili akanieleza. Bwawa hilo lilikuwa la kikundi kimoja cha upande wa Kitui. Limejaa tope, halishiki maji. Alikuwa amesema kosa ni la wanawake wa kikundi: hawakuchimba matuta mlimani, kwa hivyo udongo wote umeteremka mtoni. Alikuwa anapendekeza kikundi hicho kisisaidiwe tena.

Nikaiangalia picha tena. Matuta yalikuwa yanaonekana kule juu, na yalikuwa mazuri kuliko yetu. Nikamgeukia injinia, kijana mpole mwenye mikono misafi.

"Kiangazi, wanawake wa hapo huchimba maji wapi?"

"Wapi vipi, mama?"

"Kabla ya ukuta kujengwa. Walipokuwa wanachimba mchanga kwa mkono kutafuta maji. Walichimba hapo?"

Akafikiria. "Hapana. Huko chini. Baada ya kona."

"Mbona hamkujenga huko?"

"Huko hakuna barabara. Lori la simiti halingefika."

"Kwa hivyo mahali palichaguliwa na lori."

Daktari wa mifugo alicheka kwa sauti, kisha akajifanya anakohoa. Injinia akainama. Sikumchekelea, kwa sababu hakuwa mtu mbaya. Nikawaeleza kitu ambacho mtoto wa kike yeyote wa huku anakijua akiwa na miaka saba. Mahali wanawake hawachimbi, hata watu wakiwa karibu kufa kwa kiu, pana sababu. Ama chini mwamba umepasuka maji yanatoroka, ama ni chumvi, ama mto unapumzika hapo na kushusha tope lake. Usiulize ramani. Uliza mtungi unaenda wapi.

Yule wakili akavua miwani. "Sasa mama, mbona hao wanawake hawakusema? Injinia alikuwa nao siku nzima. Waliitikia. Walibeba mawe wenyewe!"

Swali hilo lilinifikia vibaya. Nilikunywa maji yao ya chupa kwanza.

Nikamwambia, "Kwetu, mgeni akija na mkono uliojaa haambiwi ameshika njia mbaya. Amekuletea simiti. Ukimwambia si hapa, atasema hawa hawajui wanachotaka, atageuza lori aende kwa wengine. Kwa hivyo unaitikia. Unabeba mawe. Unajua unajenga ukuta wa bure, na unaimba."

"Lakini huo ni ujinga," akasema.

"Ni ujinga, ndiyo. Mimi niliufanya."

Jambo hilo sikuwa nimelisema mbele ya watu hata siku moja. Ukuta wetu wa kwanza kabisa, injinia wa wakati huo, mwingine, alisimama mahali akachora alama kwa kiatu. Mimi nilijua hapo hapachimbwi. Mama yangu alikuwa amenionyesha. Mwenzangu alinikanyaga mguu niseme, nami nikamkanyaga wake anyamaze. Tulibeba mawe miezi miwili kwa ajili ya ukuta ambao hadi leo unashikilia tope na mbu. Watu wakaulaumu mto. Mimi nikajua ni mdomo wangu. Ndiyo sababu tangu hapo nagonga kila jiwe na sina upole na mtu: nilikuwa na upole mara moja, na umesimama pale katikati ya mto, kila mtu anapita kando yake.

Mwenyekiti akaweka kalamu chini. Lori likapiga honi. Yule mama wakili akaandika kitu kwenye karatasi yake, akakikata kwa mstari. Akasema, "Naondoa pendekezo langu. Nilikuwa nimekosea." Nimeona wanaume wakizikwa bila kusema hilo hata mara moja, kwa hivyo nilimwangalia upya.

Nilipokuwa narudi nyumbani niligundua kitu. Mbele ya injinia, pale mtoni, mimi hubaki mwenye nyumba anayeogopa kumvunjia mgeni heshima. Katika chumba kile mgeni alikuwa mimi, na mgeni ana ruhusa ya kusema chakula hakina chumvi. Wale wanawake wa Kitui hawakuwa na mtu wa kuwasemea, na walikuwa karibu kuhukumiwa kwa adabu yao. Kupigania ukuta mmoja wa kona ya Kasikeu ni kazi, lakini mtu mwingine angeweza kujifunza kuifanya. Ila tu mtu huyo mwingine nilikuwa sijampata.

Alhamisi ni siku yetu ya kazi. Tulikuwa tunainua kidogo ukuta wetu mmoja wa zamani. Sikutoa hotuba. Nilipanda juu kwenye lundo la mawe, mahali wanaposimama wageni na wanaharusi wapya, nikaacha nafasi ya chini wazi. Nyundo niliiacha pale juu ya ukuta.

Wanawake wakapanga mstari. Wakanitazama juu, wakatazama chini. Fundi akauliza kama leo hakuna kazi.

"Mwenyekiti, unaumwa na miguu?" mmoja akaniuliza.

"Miguu ni mizima. Kazi ianze."

Hakuna aliyetembea. Mwenzangu alikuwa amesimama katikati ya mstari, mikono kiunoni, na nilijua anaweza kwenda chini, na yeye alijua. Lakini alikuwa na umri wangu, magoti yake ni kama yangu. Akageuza uso, akamwangalia mke wa mwanawe. Huyo mama kijana tulikuwa tumemzoea kama mtu asiyesema. Alikuwa amefika kidato cha nne, na mkutanoni huandika majina ya waliofika, basi. Akafunga leso vizuri, akateremka mstari wote bila haraka, akachukua nyundo.

Nikapitisha jiwe la kwanza. Likapita mikono yote likafika. Akaligonga, akasikiliza, akaligonga tena. Akalitupa.

"Hili ni bovu," akasema, si kwa sauti kubwa. "Nani ameliokota?"

Mstari wote ukageuka kuniangalia. Mtu mmoja akaanza kucheka, akazuia, na kuzuia huko ndiko kulitumaliza. Tulicheka hadi wengine wakaketi kwenye mchanga. Yeye hakucheka. Alikuwa anangoja jibu.

"Ni mimi," nikasema.

"Mwaitu, angalia vizuri. Kuna watu wanabeba."

Nikasema, "Nimesikia," na nikainama kuchagua jiwe lingine. Sijui kama nimewahi kufurahi vile nikiwa nimeaibishwa. Baada ya kazi tulikaa, nikawaeleza yote, hata la ukuta wa kwanza, tukampigia mama kijana kura ya uenyekiti kwa mikono, jinsi katiba yetu inavyotaka. Mwenzangu aliinua mkono wa mwisho. Akaniambia pembeni, "Usifikiri nimekuachia kwa furaha." Nikamwambia sifikiri. Kisha akanisaidia kubeba karai langu.

Barua ya kukubali niliandika mwenyewe, mistari minne, na ilinichukua asubuhi nzima. Niliweka masharti mawili. Mkutano uwe wa Kiswahili, na anayetaka Kiingereza atafsiriwe yeye. Na ukuta usipitishwe hadi mtu wa bodi aende mtoni wakati wa kiangazi, aonyeshwe na wanawake mahali wanapochimba, ayaonje maji kwa mdomo wake. Wakakubali yote mawili. Mwanangu akapiga simu kuuliza kalenda inatoka lini. Nikamwambia itatoka siku atakapooa.

Mkutano wangu wa kwanza nikiwa mwanachama kamili, nilitia sahihi jina langu lote, herufi kwa herufi, na watu wakangoja. Tukapitisha ukuta mpya kwa wale wa Kitui, baada ya kona, na simiti ibebwe kwa punda. Wakili ndiye aliyekwenda kuonja maji. Alisema ni matamu kuliko ya chupa.

Halafu mwenyekiti akasoma jambo lililofuata: ombi la kikundi chetu, kona ya Kasikeu. Sikungoja kuambiwa. Nikachukua kiondo changu nikasimama. Mlangoni tukapishana na mama kijana wetu anaingia, amevaa viatu vya kanisani, faili kifuani. Alinisalimia kwa heshima, akaingia, mlango ukafungwa.

Nje, kwenye roshani inayotazama barabara, kulikuwa na benchi. Nikaketi. Sauti zilikuwa zinapita kwenye mbao lakini si maneno. Nikasikia ya injinia, ndefu. Nikasikia ya mwanamke, fupi. Ya injinia tena, na ya mwanamke tena, fupi vilevile. Mikono yangu ilitaka kwenda kufungua ule mlango, nikaikalia. Nilijua mambo matatu ambayo angepaswa kuwaambia na nilikuwa na hakika atasahau moja.

Alipotoka, wao wakibaki kuamua, aliketi kando yangu. Alikuwa anatoka jasho puani.

"Haya," nikamwambia. "Umewaambia nini? Uliwaambia juu ya ule mwamba wa upande wa kushoto?"

Akapanga karatasi zake ndani ya faili, taratibu. "Mwaitu, hayo ni ya kikundi. Nitayasema Alhamisi, wote wakiwepo."

"Na mimi si wa kikundi?"

"Leo wewe ni wa bodi."

Nilifungua mdomo kumkemea. Maneno yalikuwa tayari, nilikuwa nayo ya kutosha watu wanne. Nikayaangalia, nikaona hakuna hata moja la haki. Nikafunga mdomo, tukakaa benchi moja, yeye na siri ya watu wake na mimi na kiondo changu, tukingoja mlango ufunguliwe, nami moyo wangu ulikuwa umejaa hata nikaona heri nitazame malori.